Kitambulisho Ndani ya Mkebe

Kila Jumapili alasiri mama alikuwa akinisuka. Mimi nilikaa sakafuni, yeye kwenye kochi, na tulipiga soga mpaka shingo ikaniuma. Hiyo ilikuwa kabla mama hajaingia chuo kikuu.

Mama alikuwa karani wa stoo ya dawa hospitalini kwa miaka kumi na sita. Siku moja alirudi nyumbani, akavua viatu na kusema, "Kila mwaka dawa zinaisha mwezi uleule, na hakuna wa kuniambia kwa nini. Nakwenda kusoma uchumi." Baba, ambaye ni fundi wa friji, alicheka mpaka akamwaga chai. Barua ya chuo ilipofika, alikoma kucheka, akamnunulia mkoba.

Darasa la mama lilikuwa na wanafunzi mia tisa katika ukumbi mmoja. Aliyechelewa alikaa kwenye ngazi, daftari juu ya magoti. Kwa hiyo mama aliondoka kabla sijaamka, na Jumapili zangu zikachukuliwa na Grafu.

Huyo Grafu alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi mwenzake. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kueleza jambo lolote bila kuchora mistari. Alikuja na penseli imechomekwa kwenye nywele, akavua viatu mlangoni kama mwenyeji, akamwita mama yangu "Mama".

"Mama, bei ikipanda, wanunuzi wanafanya nini?"

"Wanapungua."

"Na wauzaji?"

"Wanaleta vitu vingi zaidi."

"Basi mistari inakutana wapi?"

"Hapa!" Wakagonganisha viganja kama watoto wa chekechea.

Nilitamani ile penseli ivunjike vipande vipande.

Michoro yao waliichora nyuma ya kalenda za zamani na kuibandika ukutani. Siku moja nikakuta kalenda imefunika cheti changu cha mwandiko bora.

"Mama, cheti changu!"

"Kipo, mwanangu. Kipo chini yake. Mtihani ukiisha nitaiondoa hiyo kalenda."

Kipo chini yake, nikajisemea. Kama mimi.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani nilikwenda sebuleni na kitana mkononi. Mama, ambaye huniita Pilipili, hakuinua hata uso. "Pilipili, leo nisamehe. Nenda kwa shangazi yako akusuke." Grafu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye magoti ya mama, mahali pangu kabisa. Mama akachomoa penseli kwenye nywele za Grafu, na wote wawili wakacheka. Roho iliniuma mpaka nikahisi joto masikioni.

Kitambulisho cha chuo cha mama kilikuwa juu ya meza. Nilikichukua, nikakitia kwenye mkebe wangu wa hesabu, chini ya bikari. Nilitaka tu naye atafute kitu akikose. Nilitaka aniulize mimi, si Grafu.

Na kweli, asubuhi aliniuliza.

"Pilipili, hujaona kitambulisho changu?"

"Sijaona."

Baba aliinua mito ya kochi. "Labda kimetangulia chuoni kuwahi kiti."

Mama hakucheka. "Bila kitambulisho siingii. Mtihani huu ukinipita, narudia mwaka mzima, na kazini hawampi ruhusa anayerudia mwaka. Ndiyo basi tena, nimeacha chuo." Akachukua mkoba. "Nitakwenda kuwaomba."

Nilimwona akivuka barabara karibu kukimbia. Nami nikabeba mkebe wangu kwenda shule.

Darasani, somo la hesabu lilipoanza, nilifungua mkebe. Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye picha. Alikuwa amejisuka mwenyewe siku ile ya picha, na mistari ya upande mmoja ilikuwa imepinda. Sikuwahi kufikiri kwamba naye hana wa kumsuka. Nikaanza kulia.

Mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye sauti ya kutisha madirisha, alinitoa nje. Nilimweleza yote. Alitazama saa yake.

"Kulia utalia baadaye. Namba ya baba yako?"

Baba alikuja na pikipiki, sanduku la spana likigonga nyuma. Alinivika kofia yake ngumu, akaondoa pikipiki kwa kasi.

Tulifika saa tatu na dakika ishirini na saba. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi nje ya ukumbi, mikono mapajani. Wakati uleule Grafu alitokea mbio kutoka ofisi ya usajili, peku, viatu mkononi.

"Mama, nimepanga foleni wee! Halafu wamekataa kunipa barua ya muda ya kukuingiza bila kitambulisho!"

Mtihani, wake pia, ulikuwa umeanza tangu saa tatu kamili. Hakuwa ameandika hata jina.

Msimamizi wa mtihani alisimama mlangoni na miwani puani. Alikipokea kitambulisho, akakigeuza. "Kilikuwa wapi?"

"Nilikisahau nyumbani," mama akajibu upesi. Alikuwa amekwisha kunisoma usoni.

Ningeweza kujificha nyuma ya jibu lile. Badala yake nilisema, "Hapana. Nilikificha mimi. Nilikuwa na wivu."

Msimamizi alinitazama juu ya miwani. "Nusu saa ikitimia nafunga. Nyie wawili, ingieni haraka. Wewe mdogo, kaa hapo."

Nilikaa hapo saa mbili na nusu. Baba alikaa nami.

Mama alipotoka aliketi kando yangu. "Swali la mwisho sikulimaliza," alisema. "Grafu naye hakulimaliza."

Niliinama. Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba Grafu, na hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

"Swali la kwanza lilihusu gharama ya fursa," mama akasema. "Bei halisi ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate. Nilipoandika hivyo, nilikuona wewe na kitana chako. Nasoma mimi, Jumapili zinazopotea ni zako, wala sikukuuliza. Hilo ni kosa langu. Lakini la kwako ni la kwako. Wivu humjia kila mtu, mwanangu. Ukikuuma, useme. Ukiuficha, utamuumiza yuleyule unayemtaka karibu."

Wote wawili walifaulu, ingawa Grafu alikosa alama ya juu aliyoizoea. Sasa cheti changu kiko juu ya kalenda. Jumapili mama hunisuka, nami nashika daftari na kuwauliza maswali.

Juzi niliuliza, "Bei ikishuka, mahitaji yanakuwaje?"

"Yanapanda!" Grafu akadakia.

"Nimemuuliza mama yangu."

"Mama yetu," akanichokoza.

Kitu kikanichoma kifuani, kilekile. Nikavuta pumzi. "Mama, nimeona wivu."

Mama alikaza msuko mpaka nikakunja uso, kisha akaniinamia sikioni. "Safi. Umesema. Sasa tulia nikumalizie."