Siku Niliyompeleka Kapteni Mizoguchi Tokyo kwa Karatasi

Kwa moyo mzito, na kwa heshima zote anazostahili marehemu, mimi Haruomi wa chumba namba saba, bweni la wanafunzi, nautangazia ulimwengu kifo cha Genta Orihara, rafiki yangu wa miaka mitano, mpiga tarumbeta hodari, mtu wa watu.

Alifariki Jumapili, saa nne asubuhi.

Kwa sasa marehemu yuko bwaloni, anaongeza wali.

Msinicheke! Kwangu mimi alikufa pale nilipofungua mlango wa chumba chetu nikamkuta mbele ya kioo, amevaa jezi mpya ya timu yetu ya besiboli, Korongo wa Niigata, anajigeuza huku na huku kama bibi harusi.

Mgongoni: namba nne. SEGAWA!

"Genta... hiyo nini?"

"Jezi."

"Naona ni jezi. Ya nani?"

"Kwani hujasoma gazeti? Segawa kaondoka Tokyo, kasaini kwetu miaka minne! Mlinzi bora wa kituo cha pili nchi nzima, Haru!"

"Kituo cha pili kina mwenyewe."

"Kapteni? Kaka, Kapteni ana miaka thelathini na saba. Goti lake linalia kuliko tarumbeta yako."

Jamani...

Goti lile! Siku ya mwaka mpya tulipanga foleni hekaluni, theluji mpaka vifundoni, mimi na yeye, tukaliombea goti la Kapteni Mizoguchi. Goti la mtu mzima ambaye hata majina yetu hayajui! Haikupita wiki mbili, huyu analifanyia utani.

Mjue kwamba mimi na Genta ndio tunaopiga wimbo wa Kapteni kwenye jukwaa la mashabiki. Kila mchezaji ana wimbo wake anapoingia kupiga mpira, na wa Kapteni unahitaji tarumbeta mbili. Moja ikikosekana, unabaki kama mbuzi mwenye mafua.

Jumatatu nikamsubiri tukafanye mazoezi kando ya mto, kama kawaida.

Hakuja.

Nikamkuta chumba cha burudani na vijana watatu wa mwaka wa kwanza, mashabiki wapya wa Segawa. Walikuwa wanatunga wimbo wa Segawa! Mmoja akasema kitu, Genta akacheka mpaka akashika mbavu.

Kile kicheko nakijua. Kicheko kile ni mali yangu.

"Karibu, Haru!" akaniita. "Njoo utusaidie hapa katikati."

"Nina homa," nikajibu, nikaondoka kwa hadhi. Nikajikwaa kwenye kandambili za watu.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nikala peke yangu, nimeutazama ukuta, nawasikia nyuma yangu.

Sasa sikilizeni sheria moja ya usajili wetu, maana hapo ndipo moto ulipowaka. Timu ikimchukua nyota wa timu nyingine, ile iliyompoteza ina haki ya kudai mchezaji mmoja kama fidia. Timu iliyomchukua inaruhusiwa kuwakinga wachezaji wake ishirini na wanane tu. Majina yao yanaandikwa kwenye orodha ya siri. Asiyekuwemo, lolote laweza kumkuta, hata kama ameitumikia timu miaka kumi na tano.

Kwa hiyo Januari yote sisi mashabiki hatulali vizuri. Nani kaachwa nje ya orodha?

Na mimi, nikimtazama Genta na wale vijana watatu, nilikuwa najiuliza swali hilo hilo. Sikuwa namuwaza Kapteni.

Jumamosi asubuhi, kwenye ubao wa matangazo karibu na bafu, ikaonekana barua.

"Uongozi wa Korongo, kwa masikitiko yasiyopimika, unawataarifu mashabiki wake watukufu kwamba Kapteni Mizoguchi ametolewa kwa timu ya Tokyo kama fidia ya mchezaji Segawa. Ataondoka leo jioni."

Chini yake, muhuri mwekundu wa korongo.

Bweni likalipuka!

"Haiwezekani!"

"Wamemwacha nje ya orodha? Kapteni?!"

"Muhuri si huo hapo, we kipofu?"

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akaanza kulia na mswaki mdomoni.

Genta aliisoma mara tatu. Halafu, taratibu, akaivua ile jezi ya Segawa, akaikunja, akabaki na fulana.

Nikamsogelea na uso wa msiba. Nilikuwa nimeshaandaa bega la kulilia.

"Pole, kaka," nikasema. "Sasa umeona Segawa alivyotuletea balaa?"

Hakulitaka bega. Akapanda chumbani, akarudi na koti na tarumbeta.

"Unaenda wapi?"

"Uwanjani. Wanafanya mazoezi yao ya hiari kwenye ukumbi wa ndani. Siwezi kumwacha Kapteni aondoke bila wimbo."

"Mabasi yamesimama, Genta! Theluji hiyo!"

"Nina miguu."

"Na wimbo unataka tarumbeta mbili!"

Akanitazama. "Si una homa?"

Mlango ukafungwa.

Kilomita tisa, wapenzi wasomaji. Nilikaa dirishani mchana kutwa. Theluji ilianguka kama vile inalipwa. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kusema maneno mawili tu. Badala yake nikakaa nakunja soksi.

Akarudi wakati wa chakula cha jioni, masikio mekundu kama pilipili, midomo imevimba. Bwalo zima likaweka chini vijiti vya kulia.

"Umemwona?"

"Nimemwona." Akakaa mbele yangu. "Nimesimama mlangoni, nikapiga wimbo wote, peke yangu. Akatoka na taulo shingoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, 'Kijana, nani kafa?'"

Hakuna aliyecheka.

"Nikamwambia, 'Kapteni, si unaenda Tokyo?' Akasema, 'Tokyo? Hivi? Na kandambili?'"

"Kwa hiyo haendi?!"

"Haendi popote! Tena Segawa alikuwa nyuma yake, kambebea maji. Mnajua nini? Shuleni walilala chumba kimoja, kama sisi. Segawa alikuwa mdogo wake kidarasa. Kapteni ndiye aliyempigia simu vuli nzima, akimbembeleza aje!"

Kijiti kikaniponyoka mkononi.

"Genta... Kapteni mwenyewe kamwita mtu wa kumnyang'anya nafasi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Goti langu nalijua. Nafasi hii lazima iende kwa mtu, basi iende kwa yule ambaye kukoroma kwake nimeshakuzoea.'"

Bwalo likacheka sasa.

"Swali ni moja," akasema Genta. "Nani aliandika ile barua?"

Nikasimama. Sijui pepo gani aliniinua.

"Ndugu zangu!" nikanguruma. "Aliyefanya unyama huu hana utu! Anyimwe chakula wiki nzima! Ajitokeze sasa hivi, mbele ya..."

"Kaa chini, supu inapoa," akasema Mama Tokie, mpishi wetu, akigawa supu ya viazi vitamu.

Nikakaa. Genta akatumbukiza vijiti kwenye bakuli lake, akainua kipande cha kiazi.

Akakigeuza.

Akakiinua juu, taa ikakimulika.

Kiazi kilikuwa na korongo. Miguu miwili, shingo ndefu, na wino mwekundu umebakia kwenye mdomo.

"Hee, umekipata wewe!" akasema Mama Tokie kwa furaha. "Nilikikuta kwenye kapu jikoni. Nikasema, leo nani kanichongea pambo zuri hivi?"

Mimi nimelelewa na bibi asiyetupa chakula. Nilipomaliza kazi nilikisafisha, nikakirudisha kapuni. Hilo ndilo kosa langu la kitaalamu.

Na bwenini hakuna asiyejua nani huchonga mihuri ya viazi. Kila mmoja wao alipokea kadi yangu ya mwaka mpya, yenye muhuri kama huo.

Vichwa arobaini vikanigeukia, kimoja baada ya kingine.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwapa somo, basi lichukueni: ukijiona unatetea kwa hasira nafasi ya mtu ambaye hajakutuma, jikague. Huenda unatetea ya kwako.

"Haru," akasema Genta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kwa nini?"

Nikatafuta maneno makubwa, yale yangu ya siku zote. Hayakuja.

"Ni mimi," nikasema. "Segawa hajanikosea kitu. Kapteni hakunituma."

"Nimeuliza kwa nini."

"Kwa sababu ulicheka nao," nikamwambia, macho kwenye bakuli. "Jumatatu, Jumanne, na Jumatano mara mbili. Na mimi nilikuwa pale pale, nasikia."