Taa Zilizozimwa Mbele ya Geti

Fundi seremala alikutwa mtaroni giza likianza kuingia, kalala kifudifudi, baiskeli imejikunja mgongoni. Wapita njia walishamfunika shuka. Inspekta wa usalama barabarani, mwanamke ambaye askari wake walimwita Taratibu akiwa hayupo, alilifunua na kuweka vidole shingoni mwa fundi.

"Nani kawaambia amekufa? Iteni ambulensi!"

Siku mbili baadaye alimkuta mke wa fundi hospitalini, macho yamevimba.

"Afande, mguu utapona akipasuliwa. Lakini watu wa bima ya gari wanasema dereva ameapa mume wangu alijirusha barabarani. Ikiwa hivyo, hawalipi. Mume wangu si mlevi!"

"Nimekusikia, dada. Nipe muda."

Dereva alikuwa mzee mstaafu, nadhifu. Jioni ile alikimbia na gari, kisha kulipopambazuka akajileta kituoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Shikamoo ilikwisha, maswali yakaanza.

"Taa ziliwaka?"

"Ziliwaka! Nimeanza kuendesha kabla hujazaliwa."

"Mbona hukusimama?"

"Niliogopa kupigwa."

Taratibu hakubisha. Alirudi eneo la tukio. Mtaroni aliokota balbu ya taa ya mbele, iliyong'oka kwa kishindo, kioo chake kimevunjika. Akaifunga vizuri ipelekwe maabara. Kisha akageuka kuangalia ng'ambo ya barabara. Palikuwa na nyumba moja tu, yenye geti fupi la buluu, na barazani kigari cha mtoto cha kuchezea. Akajiuliza, kama taa zilizimwa, mtu azizime kwa ajili ya nini mahali kama hapa.

Jibu la maabara lilipofika, aliiweka balbu mezani mbele ya mzee.

"Balbu ikipasuka huku inawaka, uzi wake wa ndani huungua kwa hewa inayoingia, ukaharibika rangi. Huu unang'aa kama mpya. Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu. Nani anakaa kwenye geti la buluu?"

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka waziwazi, na Taratibu akamhurumia, ingawa kalamu yake haikusimama.

"Binti yangu. Nilisusia harusi yake. Sasa ana mtoto, na mimi sijui hata jina lake. Jioni anacheza barazani. Gari langu mama yake analijua, basi nazima taa, napita polepole, namwangalia. Siku ile macho yalikuwa barazani. Fundi wa watu hakujirusha. Sikumwona."

"Kuendesha bila taa ni kosa. Kumjeruhi mtu ni kosa kubwa zaidi. Kukimbia na kumsingizia, hilo hakimu hatalichekea."

"Andika yote, binti yangu. Mguu wake usipotee kwa aibu yangu."

Bima ililipa. Siku ya hukumu fundi aliingia mahakamani kwa magongo aliyoyachonga mwenyewe, akilalamika kwamba ya hospitali yamepinda. Mzee alipigwa faini, akapewa kifungo cha nje, na leseni ikafutwa.

Kwenye korido mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimzibia mzee njia.

"Kumbe ulikuwa unapita, baba?"

"Nilikuwa napita, mwanangu."

"Kupita kumekwisha. Gari huna ruhusa tena. Utakuja kwa miguu, mchana kweupe, na upige hodi kama watu."

Mzee alimsogelea mtoto. Alinyoosha kidole kimoja, mtoto akakikamata.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Binti akacheka huku analia. "Kapewa jina lako."