Daftari Lililosema "Safi"

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nakaa kwenye meza ya viranja chini ya dirisha, nafungua daftari la usafi na kuchora mistari kwa rula. Vyoo vya wasichana vilikuwa sita. Mbele ya kila namba niliandika neno moja tu, "Safi", kwa hati yangu nzuri iliyofanya shule nzima iniite Karani. Nikimaliza naweka sahihi, kisha nalipeleka daftari kwa mwalimu wa nidhamu. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa naenda kuvitazama vyoo vyenyewe kwanza. Halafu Ijumaa moja mvua ilinyesha, nikaona uvivu kuvuka uwanja wenye matope. Nikaandika "Safi" nikiwa nimekaa, na hakuna aliyeuliza. Ijumaa iliyofuata hakukuwa na mvua, lakini sikwenda vilevile. Sisi viranja tulikuwa na choo chetu nyuma ya ofisi, chenye kufuli, na ufunguo wake ulining'inia ukutani karibu na meza yetu. Vile sita vya ng'ambo ya uwanja nikavisahau kabisa.

Muhula wa pili ukafika wakati wa kumchagua kiranja mkuu. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa kiranja mkuu msaidizi, mvulana tuliyemwita Waziri kwa sababu alitembea mikono nyuma hata akienda kunywa maji. Viranja wote tulikuwa upande wake, na walimu wengi pia. Wa pili alikuwa msichana aliyehamia shuleni kwetu mwaka huohuo. Akiongea darasani kwao, sisi tulimsikia darasani kwetu, ndiyo maana aliitwa Honi. Hakuwahi kuwa kiranja wa kitu chochote.

"Atapata kura mbili," Waziri alituambia. "Yake na ya kivuli chake."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku ya Alhamisi wagombea walisimama mbele ya shule. Waziri alisema atadumisha ushirikiano mwema kati ya wanafunzi na uongozi. Tukampigia makofi, sisi viranja tukipiga kwa nguvu kuliko wengine. Kisha akasimama Honi. Hata salamu hakutoa.

"Mimi maneno matamu siyajui," alisema. "Vyoo vya wasichana vinanuka. Maji hayafiki. Cha tatu mlango wake uling'oka mwezi wa pili. Na nyie mnaocheka huko nyuma, nyie ndio mnachafua halafu mnakimbia! Viranja hawajui haya kwa sababu wana choo chao na ufunguo wao. Mkinichagua, choo hicho kitakuwa cha wote mpaka vile vitengenezwe. Nimemaliza."

Uwanja ukalipuka. Watoto walipiga makofi, wakapiga miguu chini, na hata wale aliowasema huko nyuma walipiga miluzi. Mimi nilibaki nimeduwaa. Anawasema vibaya, nao wanamshangilia!

Mchana huo mwalimu wa nidhamu alituita sisi viranja ofisini. Daftari la usafi lilikuwa wazi mezani kwake.

"Karani, hati hii ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Inasema nini?"

"Safi, mwalimu."

"Wiki zote?"

"Wiki zote."

"Na ulivikagua mwenyewe, kwa macho yako?"

Waziri alikuwa ananitazama, viranja wote walikuwa wananitazama. "Ndiyo, mwalimu," nilisema.

Mwalimu alifunga daftari. "Basi msichana huyu amedanganya mbele ya shule nzima. Mimi naamini kilichoandikwa, siamini kelele. Jumatatu asubuhi, kabla ya kura, jina lake nitalikata, na atakuja na mzazi wake aeleze uongo huo umetoka wapi."

Tulipotoka nje, Waziri alinipiga bega. "Karani, umetuokoa!" Nilitabasamu kidogo, nikaharakisha kwenda darasani.

Ijumaa baada ya masomo nilivuka uwanja. Nilijiambia kwamba labda Honi ametia chumvi. Labda nitakuta vyoo viwili vichafu na vinne safi, na hapo uongo wangu utakuwa mdogo. Sikuwa nimefika hata kwenye ukuta wa vyoo, harufu ikanipokea. Nzi walijaa. Bomba nililifungua likakohoa, halikutoa hata tone. Mlango wa choo cha tatu ulikuwa bati lililoegemezwa tu, halina bawaba wala kitasa. Mbele yake alisimama mtoto wa darasa la tatu, amebana magoti, anarukaruka.

"Dada kiranja, nishikie mlango!" alisema. "Upesi!"

Sikujua nifanyeje. Aliingia, na mimi nikalishika bati kwa mikono miwili lisianguke. Lilikuwa zito na kutu yake ilinichoma viganjani.

"Kwa kawaida nani hukushikia?" nilimuuliza kupitia bati.

"Dada Honi. Kila mapumziko anakuja. Asipokuja nabana mpaka nyumbani. Rafiki yangu alikuwa anabana, akaumwa, wakampeleka hospitali." Kisha akauliza, "Nyie viranja hamjagi huku, eti? Wenzangu wanasema nyie hamwendagi haja."

Alipotoka alinitazama mikono, akasema kwa upole, "Unashika vizuri tu. Utazoea." Kisha akakimbia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi nilikuwa naosha vyombo nyumbani. Mama, ambaye ni mfuaji wa hospitali, alikuwa amepumzika na miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mbona unasugua hicho kikombe utafikiri una ugomvi nacho?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba kuna msichana mmoja shuleni aliandika "Safi" bila kwenda kutazama, na sasa mwenzake atakatwa jina kwa ajili hiyo.

"Huyo msichana mmoja," mama alisema, "analala nyumba gani? Hii yangu?"

Machozi yakanitoka. Mama hakunibembeleza.

"Kazini kwetu," alisema, "mashuka yakishachemshwa tunaweka alama kwenye fomu. Nikiweka alama bila kuchemsha, fomu itapendeza sana, na bosi atanisifu. Lakini atakayelalia shuka hilo ni mgonjwa mwenye kidonda. Shuka halisomi fomu, mwanangu." Alitoa mguu mmoja kwenye maji akaukausha. "Jumatatu unataka nikusindikize?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Maana nisingekuja. Mdomo ni wako, uende nao mwenyewe."

Jumatatu niliwahi kabla ya kengele. Mwalimu wa nidhamu alikuwa tayari na orodha ya wagombea mkononi, na Waziri alikuwa amesimama pembeni. Honi alikuwa kwenye benchi nje, pamoja na baba yake, fundi wa baiskeli, ambaye mikono yake ilikuwa bado na grisi. Alikuwa ameacha kazi asubuhi hiyo ili aje kusikia kwamba mwanawe ni mwongo. Nilipowapita nilimwambia baba huyo, "Shikamoo." Aliitikia, "Marahaba, mama," kwa sauti nzuri, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Mwalimu," nilisema, "sikuvikagua. Tangu ile mvua ya mwezi wa pili sijawahi kwenda. Niliandika tu. Alhamisi nilikudanganya. Honi amesema kweli."

"Karani!" Waziri alinong'ona. "Una wazimu?"

Mwalimu alinyanyuka, akatoka, akavuka uwanja peke yake. Tulimwona akiingia. Aliporudi, leso ilikuwa puani na viatu vyake vimechafuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akampa baba yake Honi mkono.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nimekuita bure."

Kwenye mstari aliwaambia wanafunzi wote kwamba daftari la usafi lilikuwa na uongo, na kwamba yeye aliliamini bila kutoka ofisini. Halafu akaniita mbele niseme mwenyewe. Nilisema. Niliona watoto wa darasa la tatu wakinikodolea macho. Nilivua beji yangu, nikamkabidhi mwalimu.

Kura zikapigwa. Honi alipata mia mbili na kumi na nne. Waziri alipata thelathini na moja.

"Lakini mwalimu," Waziri alilalamika tulipobaki ofisini yeye, mimi na Honi, "hajui kuongea na watu! Anawasema. Kwa nini wamempa kura?"

Mwalimu alikaa. "Alhamisi nami nilijiuliza hivyo hivyo. Nilidhani wamependa kelele. Leo nimeingia choo cha tatu, nimeelewa. Mtoto anayebanwa kila siku akisikia mtu amesimama na kulisema lile lile linalomsumbua, hatajali kama sauti ni nzuri au mbaya. Sisi tulikuwa tunasema kwa lugha nzuri mambo yasiyokuwapo. Na kama ningelikata jina lake, wangempenda zaidi, na wangekuwa na haki." Akamgeukia Honi. "Na wewe ukweli wako ni mzuri. Ila salimia watu kwanza."

"Nitajaribu, mwalimu," alisema Honi. "Shikamoo."

Mwalimu alicheka. Honi alinitazama mimi, hakucheka. "Wewe hufai kukagua," aliniambia. "Labda mwakani. Ila ulivyosema leo, mimi nisingeweza." Akatoka.

Jumatano fundi seremala alikuja na mbao na bawaba, na mafundi wa maji wakafukua bomba lililoziba. Kufuli la choo cha viranja lilitolewa. Kila mmoja alifurahi. Mimi niliendelea kupita uwanjani nikitazama chini, mpaka Ijumaa mwalimu wa nidhamu aliponiita.

"Bado unaona aibu?"

"Sana, mwalimu."

"Mimi pia. Usitafute wa kukuondolea, ikae kidogo ikufundishe. Mtu anayepewa kazi ya kutazama na kuandika, wengine wote wanaona kwa macho yake. Akiandika asichokiona, amewafumba macho wenye uwezo wa kusaidia, na wanaoumia wataendelea kuumia wakati karatasi inasema wako salama. Kosa lilianza na dakika tano za uvivu, sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi uvivu mdogo ukikujia tena, utaujua sura. Nenda darasani."

Nilikwenda. Wenzangu waligeuka nilipoingia. Niliketi mahali pangu, nikafungua kitabu, nikavumilia kutazamwa.