Chuma cha Kijani Kwenye Ngazi

"Toka! Toka kabla sijakurushia hii pasi!"

Fundi, mshona nguo, alikuwa ameishika kweli, na ilikuwa ya moto. Mlangoni alisimama dada yake, mwalimu wa chekechea, anahema kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili. Miezi minane hawajatiana machoni.

"Nirushie," dada akajibu, akaingia. "Ukimaliza tuongee."

"Nani kakuita hapa?"

"Simu hupokei, meseji hujibu. Nimekutumia arobaini na moja."

"Sijaona hata moja!"

"Muulize mumeo, huenda ndiye anayezifuta."

Hapo Fundi akapandwa na hasira mpaka masikio. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Brashi kwa kuwa kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, ndiye aliyemlea tangu alipoanguka ngazini na kuzinduka hospitalini akiwa amesahau miaka mitatu yote ya ndoa yake. Brashi alimfundisha upya majina ya majirani, njia ya sokoni, hata kwamba hapendi maziwa kwenye chai. Yote aliyaandika kwenye daftari, na kila jioni alimkalisha akamsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kushona tu ndiko ambako hakufundishwa, mikono ilikumbuka yenyewe.

"Mume wangu usimtie mdomoni," Fundi alisema. "Yeye kaniuguza. Wewe ulinisukuma!"

"Mimi?"

"Usijitie kushangaa. Nakumbuka vizuri. Uliitaka nyumba ya marehemu mama iwe yako peke yako, tukagombana hapo juu ya ngazi, ukanisukuma kifuani. Nikakishika kile chuma cha kijani cha kushikia ngazini, mkono ukateleza. Mpaka manukato yako nayakumbuka, mchawi wewe!"

Dada akauliza taratibu:

"Chuma cha rangi gani?"

"Kijani! Una uziwi?"

"Siku ile kilikuwa kutu tupu, mdogo wangu. Nilikukuta chini hujitambui, nikapanda mbio kutafuta shuka ya kukufunga kichwa. Kikanichana. Ona."

Akakunjua kiganja. Kovu lilikikata toka kidole gumba hadi upande wa pili.

"Kovu hata kisu kinatia," Fundi akabetua midomo.

"Sawa, mimi mwongo. Jiulize basi ngazi zilipakwa rangi lini."

Fundi akacheka kwa dharau, akainama kuokota kifungo ili aendelee na shati la watu. Vifungo vyake alivihifadhi kwenye kopo tupu la rangi. Brashi ana mazoea yake ya kazi: kila kopo analofungua huliandika ubavuni kazi na tarehe, asije akachanganya mabaki. Kila siku Fundi alitia mkono kwenye kopo lile, na hakuwahi kusoma maandishi yake. Sasa akayasoma:

"Kijani. Ngazi za nyumbani. 20 Machi."

Akalivuta daftari, ukurasa wa kwanza, mwandiko uleule: "Tarehe 3 Machi ulianguka. Dada yako alikusukuma." Akasoma mara mbili kwa kidole. Akakaa.

"Alikuwa akikusimulia wapi?" dada akauliza.

"Pale pale ngazini. Ananiambia shika hapa, ulisimama hivi, yeye alisimama vile. Kila jioni." Akafumba macho. "Dada, lakini mimi nakuona! Nikifumba macho nakuona!"

Akampigia mumewe simu.

"Njoo nyumbani."

"Mke wangu, nimo kwenye dari la watu, brashi mkononi..."

"Nimesema njoo!"

Brashi aliingia na rangi nyeupe kwenye nyusi. Alipomwona shemeji yake akakunja uso.

"Huyu muuaji kafuata nini kwangu?"

"Mwache," Fundi akamkata. "Nijibu mimi. Siku naanguka, chuma cha ngazi kilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Si nimeshakufundisha mara mia..."

Fundi alikuwa amelisogeza kopo mbele yake. Na ndiye aliyekipaka chuma kile mwenyewe! Alikuwa amelirudia somo lake mpaka naye likamwingia.

"Sema," alisema Fundi.

"Sikukusukuma. Naapa."

"Sijakuuliza usichofanya!"

Brashi akatazama sakafu.

"Ulikuwa unaniacha. Unahamia kwa dada yako. Nikavuta begi lako, mkanda ukakatika, ukaenda chini."

"Nilikuwa nakuacha kwa nini?"

Brashi akajifuta rangi nyusini.

"Kwa nini, Brashi?"

"Nilikupiga. Haikuwa mara ya kwanza."

Dada akainuka, Fundi akamzuia kwa mkono.

"Ulipozinduka ukaniuliza, wewe nani?" Brashi alikuwa analia sasa. "Nikaona Mungu kanipa nafasi ya pili. Miezi minane, nimewahi hata kukuinulia sauti?"

"Hujawahi."

"Basi nisamehe. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda, na ndilo linaloniua!" Fundi akalipiga daftari mezani. "Sijui ninayekupenda ni mimi au ni hili! Umenifundisha kumchukia dada yangu nikafaulu! Ungeshindwa nini kunifundisha kukupenda?"

Akamtupia kalamu.

"Andika ukurasa wa kwanza upya. Kwa mwandiko wako."

Brashi akaiokota kalamu. Aliandika: "Tarehe 3 Machi uliniacha kwa sababu nilikuwa nakupiga." Fundi aliusoma kwa sauti, akauchana ukurasa ule mmoja, akaukunja akautia kifuani. Kurasa nyingine zote alimwachia.

Dada alibeba cherehani, Fundi akabeba mkasi na kopo la vifungo. Ngazini hakukigusa kile chuma. Alishika bega la dada yake, wakashuka hatua kwa hatua.

"Utasahau!" Brashi alipiga kelele kutoka juu. "Kichwa chako nakijua mimi! Wiki moja tu utakuwa umesahau kwa nini umeondoka!"

Fundi akageuka, akamtazama mpaka akamaliza kelele zake.

"Haya ya leo," alisema, "sikufundishwa na mtu."