Ukuta wa Mbele Tu

"Mbona nyumba ya mama imo humu?" nilimuuliza.

Mchumba wangu alishusha sauti. Ukumbi wa ofisi ulijaa wageni, na wote walikuwa wameizunguka meza yenye mfano wa mradi mpya: ghorofa ishirini za vioo katikati ya mtaa wa kale wa mji mkuu. Chini kabisa, umebandikwa kama stempu, ulikuwa ukuta wa mbele wa nyumba nilimozaliwa.

Mimi na yeye ni wasanifu majengo, ofisi moja, ila mradi huu aliushika yeye na michoro yake nilikuwa sijaiona. Uchumba wote alikuwa akija kwa mama Jumapili na futi yake mkononi, eti anaichora nyumba nzima iwe zawadi yetu ya harusi. Mama, maskini, akamfungulia mpaka chumba chake cha kulala. Akamshikia na ncha ya futi. Kumbe mwenzetu alikuwa anapima kaburi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilinivisha na pete.

"Ukuta wa mbele nimeuacha," alisema. "Nimeupigania, mpenzi. Wenye mradi walitaka kubomoa vyote."

"Na mama?"

"Atalipwa. Tena vizuri."

"Nimekuuliza mama atakaa wapi. Ukutani?"

Akanishika kiwiko, akaninong'oneza nisimwaibishe mbele za wateja, kwamba mradi huu ndio utakaotujengea maisha. Nilijitoa. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma. Yaani mtu anakula kwa mama yangu, anamwita mama, halafu anamvunjia nyumba huku anatabasamu!

Wageni walipoulizwa kama kuna mwenye neno, nilinyoosha mkono. Nikasema wazi kwamba mwenye nyumba ile hajauza wala hajaulizwa, na vipimo vyake vilichukuliwa kwa hila na mkwe mtarajiwa. Afisa wa jiji aliyekuja kuupitisha mradi akafunga kalamu yake. Akasema bila ridhaa ya mwenye nyumba hasaini kitu.

Sijafika nyumbani, ujumbe ukaingia: "Umeniangusha mbele za watu. Nilifanya kwa ajili yetu."

Nikamjibu: "Ingekuwa kwa ajili yetu, ungeniuliza." Nikaizuia namba yake.

Mama nilimkuta jikoni anaosha vikombe. Nikamweleza yote, bila kuficha, na pete nikaiweka mezani. Akaosha mpaka kikombe cha mwisho.

"Kadi zimeshagawiwa, mama," nikasema, na hapo ndipo machozi yalipotoka. "Watu watasema."

"Waache waseme, midomo ni yao." Akajifuta mikono, akakaa karibu yangu. "Mwanangu, huyo nimemwingiza mpaka chumbani kwangu. Kaona ninapolala, kaona kitanda alichofia baba yako. Na vyote hivyo alivyoviona, akatoka na ukuta wa mbele tu. Wewe ukizeeka, angebakiza nini?"