Mgeni Aliyekaribishwa Hewani

Taa ya simu haikuwaka, lakini mpigaji alikuwa tayari anaongea.

Wilhelmina, mtangazaji wa zamu, alimtazama fundi mitambo, Revocatus, kupitia kioo cha studio. Revocatus akatikisa kichwa. Hakuwa amemuunganisha mtu yeyote. Hata hivyo sauti ilisikika wazi kwenye hedifoni, sauti ya mtu mpole anayetetemeka kwa baridi.

"Mimi ni mkazi wa Mabatini," ilisema. "Nyumba yangu imevunjwa."

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, upepo wa ziwa ukipenya hadi Mirongo ilipokuwa redio yao, na wasikilizaji walikuwa wakijadili mwamba mkubwa wa Mabatini, uliolipuliwa kwa baruti ili kupisha barabara. Wilhelmina alidhani amepata mtu aliyebomolewa nyumba.

"Pole sana, ndugu yangu. Umehamia wapi?"

"Sijapata pa kukaa."

"Basi karibu kwetu," akasema kwa ile sauti iliyompatia jina mjini. "Hapa ni kwako. Jisikie uko nyumbani."

"Ahsante."

Safari hii sauti haikutoka kwenye hedifoni. Ilitoka upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha wageni, nacho kilikuwa kitupu.

Tangu hapo studio ikanuka baruti na jiwe lililopasuliwa. Mada ikiwa bei ya dagaa, mada ikiwa maji ya bomba, pale kwenye kiti palikuwa na mtu anavuta pumzi taratibu, na wasikilizaji wakawa wanapiga simu kuuliza ni nani huyo aliyealikwa halafu hapewi nafasi ya kusema. Kisha Revocatus akaanza kukohoa, wakasingizia vumbi, wakasingizia baridi, mpaka siku alipotema kitu kiganjani, akafumba mkono, akamvuta Wilhelmina kando ya mlango na kumfunulia vipande vya mawe, vidogo, vyeusi, vilivyolowa damu.

"Usimwambie mke wangu," alinong'ona.

Wilhelmina akamleta mzee Luhaga, mganga kutoka Magu. Mzee alifika mchana, akasimama kizingitini, akanusa, asiingie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Sikujua ni nini."

"Hakuingia kwa nguvu, kwa hiyo mimi siwezi kumtoa kwa nguvu. Ulimkaribisha watu wote wakisikia. Mtoe hivyo hivyo. Usichelewe, huyo kijana wako anaisha."

Kesho yake asubuhi Wilhelmina alifungua kipaza sauti.

"Mgeni wetu," akasema, "nilikukaribisha bila kukufahamu. Nakuomba uondoke."

Kiti kililia. Zile pumzi ziliinuka, zikaizunguka meza, zikaja zikatua sikioni mwake, baridi kama jiwe la chini ya maji, huku ng'ambo ya kioo Revocatus amejikunja, ameshika meza kwa mikono miwili, mdomo wazi na kikohozi kimekwama, hakitoki wala hakirudi.

"Niende wapi?" sauti iliuliza, kwa upole uleule. "Nje kuna baridi."

Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Ndipo taa ya simu ikawaka, na mkono wa Revocatus, kwa mazoea tu, ukabonyeza.

"Mwangaluka," ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, akiamkia kwa Kisukuma. "Mimi Bibi Paskazia wa Nyakato, nyuma ya kiwanda cha mafuta. Mwanangu, mbona unamfukuza mtu kwenye baridi hii? Mwacheni aje kwangu. Nakaa peke yangu, chumba kipo."

"Bibi, usiseme hivyo, tafadhali..."

Kiti kilisogea nyuma. Mlango ukafunguka, ukajifunga taratibu. Joto likarudi, na Revocatus akavuta pumzi ndefu, machozi yakimtoka. Wilhelmina alifurahi. Furaha hiyo haikudumu, lakini aliisikia moyoni, na baadaye ndiyo iliyomnyima raha kuliko yote.

Wakaacha muziki ukilia, wakapanda bajaji mbio hadi Nyakato. Majirani waliwaonyesha nyumba. Bibi Paskazia alifungua kabla hawajabisha, amevaa sweta, uso umemjaa tabasamu la mtu ambaye hajapata mgeni siku nyingi.

Akaweka kidole mdomoni.

"Karibuni, wanangu," alinong'ona, akikohoa kidogo ndani ya kanga yake. "Ila msiongee kwa sauti. Ndiyo kwanza amelala."