Mashine Iliyojiwasha Yenyewe

Ndugu zangu wa Dodoma, ninyi mliopanga foleni ya sabuni kisha mkaona maduka yakifurika bidhaa za kila namna, nipeni masikio. Nitawaeleza yaliyoipata nyumba moja pale Ipagala.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani. Sostenes alikuwa karani wa shirika la umma, na mkewe Elieth, mama wa binti yao Ruthu, alikuwa fundi umeme wa shirika hilohilo. Walipopunguzwa kazini wote wawili hawakukaa kulia. Sostenes alitumia kiinua mgongo chake kununua mashine kuukuu ya kutengeneza mifuko ya nailoni, akaisimika katika chumba cha uani. Dada yake mkubwa, Emilia, alihamia kwao kutoka kijijini Zuzu ili wafanye kazi pamoja. Emilia alikuwa mfumaji wa masweta. Vidole vyake vilikwenda mbio huku macho yake yakimtazama anayezungumza naye. Asubuhi watatu hao walikunywa chai uani, wakicheka mpaka majirani wakawaonea wivu.

Shida ilianzia kwenye visanduku viwili.

Mota ya mashine ile haikuwa kama ya kinu cha kusaga, inayozunguka mfululizo mpaka uizime. Yenyewe ilisogea kwa hatua ndogondogo, ikavuta nailoni kwa kipimo, ikasimama, kisha kisu cha moto kikashuka kukata na kuziba. Mota ya namna hiyo haiendi bila kontrola, yaani kisanduku kinachotoa amri, na draiva, kisanduku kinachopokea amri na kuipa mota umeme wa kiasi chake. Vyote viwili vilikuwa vimeungua kabla mashine haijanunuliwa.

Wakaenda dukani kwa Iddy, muuza vifaa vya umeme mjini. Elieth akavigeuzageuza visanduku alivyowekewa, akasoma maandishi ya ubavuni.

"Draiva hii ni dhaifu kwa mota yetu," alisema. "Mota itaruka hatua, na nailoni itajikunja chini ya kisu. Na kontrola hii, umeme ukikatika kisha ukarudi, inafanyaje?"

"Inaanza yenyewe, shemeji!" Iddy alijibu kwa fahari. "Hupotezi hata dakika."

"Hiyo ndiyo siitaki. Nataka inayosubiri mtu abonyeze kitufe."

"Ya hivyo mpaka niagize. Mtangoja sana."

Sostenes akacheka, akawageukia wateja wengine. "Mwaona mambo ya wake zetu? Mama Ruthu, vya kuagiza vya nini na hivi vipo? Iddy, tufungie hivihivi."

"Baba Ruthu, mimi nimekataa," alisema Elieth bila kuinamisha macho. "Iddy ni shahidi. Nimekataa."

Enyi akina baba, hebu niulize: mtu anayeoa fundi kisha akamziba mdomo fundi huyo mbele ya watu, anamkomoa nani?

Visanduku vikafungwa kwenye mashine, ikaanza kazi. Mwaka huo maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipungua na mgao wa umeme ukawa wa kila siku. Mifuko ilitoka mmoja mrefu, mwingine mfupi, na mara kwa mara nailoni ilijikunja chini ya kisu kama Elieth alivyosema. Yeye akamfundisha Emilia: "Wifi, kabla hujaingiza mkono, zima swichi kubwa ya ukutani. Hata kama umeme umekatika, zima."

Sostenes aliposikia alikasirika. Akaifunga swichi ile kwa waya ili isizimwe. "Umeme ukirudi uikute mashine iko tayari," alisema. Elieth aliukata waya kwa koleo. Sostenes akaufunga tena. Akaukata tena. Nyumba ikawa haina chai ya pamoja wala kicheko.

Siku moja mchana Elieth alikwenda kutengeneza taa za kanisa. Umeme ukakatika, na nailoni ilikuwa imejikunja. Emilia alitazama swichi, akaona imefungwa tena kwa waya. Sostenes akampigia kelele kutoka mlangoni: "Dada, safisha hapo upesi, umeme unaweza kurudi sasa hivi!" Emilia akaingiza mkono. Umeme ukarudi. Mashine haikumwuliza mtu. Ilijiwasha, ikavuta, ikashusha kisu.

Emilia alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Elieth alifika mbio. Alimpeleka wifi yake hospitali, akakaa naye mpaka alipofungwa bendeji. Aliporudi nyumbani hakupiga kelele. Aliingia chumba cha uani, akaing'oa fyuzi ya mashine, akaitia kifuani.

Basi Sostenes akaita kikao cha ukoo. Mwenyekiti alikuwa baba yake mdogo, Mzee Mazengo. Emilia naye alikuja, mkono ukining'inia shingoni kwa kitambaa.

"Shikamoo baba," alisalimu Elieth.

"Marahaba, mkwe. Mume wako asema umeifunga kazi ya nyumba. Dada yake alizembea kidogo, Mungu ampe nafuu. Basi rudisha hiyo fyuzi. Mwanamke hulinda heshima ya nyumba."

"Dada hakuzembea, baba. Nilimkataza Sostenes dukani, nikamkataza hapa. Alifunga swichi kwa waya. Nikinyamaza sasa, kesho atakalishwa mtoto wa mtu mwingine kwenye kiti cha mashine ile."

Sostenes akasimama. "Toa fyuzi au urudi kwenu!"

"Kwetu nitarudi nikitaka mwenyewe," alisema Elieth. Akaitoa fyuzi, akaishika juu wote waione. "Fyuzi hii hapa. Twendeni kwenye mashine."

Wakamfuata wote. Akamwonyesha mumewe kiti.

"Kaa alipokaa dada. Ingiza mkono chini ya kisu, mimi nirudishe fyuzi. Mwasema kosa ni la dada, si la mashine. Basi unaogopa nini?"

Sostenes alikaa kwa hasira. Akanyoosha mkono. Fyuzi ilikuwa bado kiganjani mwa mkewe, mashine ilikuwa mfu kama jiwe, na hata hivyo mkono wake uliishia hewani. Jasho likamtoka. Akaurudisha mapajani.

"Wako unauonea huruma," alisema Emilia taratibu. "Wangu je, Sostenes?"

Mzee Mazengo alivua kofia yake, akamgeukia Sostenes. "Mwombe radhi dada yako," alisema. "Kisha mkeo. Hapa mbele yetu."

Sostenes akaomba radhi, akilia.

Aliiuza pikipiki yake ya Vespa aliyoipenda kuliko chakula, na Elieth akaagiza vifaa alivyovichagua mwenyewe: draiva yenye kutoa umeme unaolingana na mota, na kontrola inayobaki kimya umeme ukirudi, mpaka mtu aiamuru. Mashine ilisimama muda mrefu wakisubiri. Walikula mlenda na ugali wa uwele bila nyama, na Elieth hakulegea.

Emilia alikataa kukikalia kiti kile tena. "Nimesamehe, lakini si mjinga," alisema. Alidai jina lake liandikwe kwenye leseni ya biashara kama mwenye mali, na likaandikwa. Kwenye kisu alikaa Sostenes mwenyewe. Emilia akajifunza kufuma upya kwa vidole vilivyobaki, polepole, akikosea na kufumua, mpaka sweta la kwanza likakamilika. Akamvisha Elieth.

FUNZO

Ndugu zangu, mlango wa bidhaa umefunguliwa, na si kila kinachong'aa dukani kinafaa nyumbani kwako. Ukichagua kifaa, usiulize tu kama kitafanya kazi. Uliza kitafanya nini siku mambo yakienda kombo, na mkono wa nani utakuwa pale. Mwenye ujuzi ndani ya nyumba asikilizwe, awe mume au mke. Nawe unayejua hatari, usikubali kunyamazishwa kwa jina la heshima. Kataa. Ukikatazwa kukataa, kataa tena. Vidole vya Emilia havitarudi.